Siku Jeneza la Mke Wangu Lilipopigiwa Makofi

Aibu yenyewe naitaja mapema, ili asiwepo wa kudhani nazunguka: nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa watu, hapa hapa Dodoma, nimevaa kofia ya bure yenye picha ya mti, nikapigiwa makofi kwa sababu ya jeneza la mke wangu, na nikatabasamu. Picha ipo. Sijui iko kwa nani, lakini ilipigwa, maana taa ya kamera ilinimulika usoni mara mbili, na ile ya pili ndiyo niliyotabasamu, kwa kuwa mpigapicha aliniambia, "Mzee, cheka kidogo," na mimi nikiambiwa kitu mbele za watu huwa nakifanya.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine na watu wanapunguzwa makazini, na aliyebakizwa alikuwa anatembea kwa kunyata asije akakumbukwa. Mimi nilibakizwa. Nilikuwa mhudumu katika ofisi ya mradi wa visima vya vijijini (jina lake niachieni, waliokuwepo wanalijua), kazi yangu kufagia, kupeleka mafaili, kuchemsha chai, kuosha magari na kufungua geti. Shule yangu ni darasa la saba, lakini nina mwandiko mzuri, na huo mwandiko ndio ulioniponza.

Wafadhili wetu wa Ulaya walikuja na wazo jipya. Walisema haiwezekani ofisi iende kuwahubiria wanavijiji wasikate miti na watunze vyanzo vya maji, wakati yenyewe haijui inachoma nini na inatupa nini, kwa hiyo kabla ya kuwagusa wengine tujipime wenyewe miezi mitatu: dizeli, mkaa, kuni, maji, karatasi, takataka, kila kitu, halafu tuangalie pa kupunguza. Kusema kweli halikuwa wazo baya. Mpaka leo sioni ubaya wake. Walimleta mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana wa miwani aitwaye Bwana Temba, mwenye adabu (kila asubuhi "Shikamoo mzee" kabla sijamwona), naye akamuuliza mkuu wetu, Bwana Mgaya, ni nani atakayeandika.

"Yona," Bwana Mgaya akasema bila kufikiri. "Ana mwandiko, na hana shughuli nyingi."

Nikapewa kaunta buku jipya lililopigwa mistari, siku, kitu, kiasi, na kazi kiliyofanya, na mizani ya kuning'iniza kama ile ya kliniki wanayopimia watoto, nikaifunga kwenye mwarobaini wa uani. Bwana Temba akanishika bega akaniambia, "Mzee wangu, kila kinachochomwa, kila kinachomwagwa, kila kinachotupwa. Usiruke. Ukiruka kimoja, hesabu yote inakuwa uongo." Nikamwambia sitaruka.

Basi nikawa kichekesho cha ofisi. Mkaa wa chai kwanza upande mizanini, takataka kwanza zipande mizanini kabla ya kuchomwa, ndoo za maji nazihesabu, magari nasoma kilomita zake asubuhi yakitoka na jioni yakirudi. Saidi dereva (mtoto wa mjini, babu zake walikuja na misafara ya biashara enzi hizo na yeye ulimi wake bado wa sokoni) alikuwa akipita pale uani anajishika tumbo: "Mzee Yona, nimekula ugali wa uwele kama kilo moja hivi. Niandike kabla haijatoka." Karatasi zikaanza kupungua kwa kasi hata Bwana Temba akafurahi, ila mimi nilikuwa naona watu wanakunja zilizoharibika wanatia mifukoni kwenda kuwashia majiko kwao, ili zisipimwe. Hilo nililiona kama utani tu.

Sasa nina jambo la kukiri hapa, nisije nikalifikisha mwisho likaonekana limenitoka kwa bahati mbaya. Gari la ofisi likienda vijijini halikuwa linarudi tupu. Lilirudi na magunia ya mkaa, ya Bwana Mgaya, ya mhasibu, ya Saidi mwenyewe, na zamani yaliingia nayo getini mchana kweupe, watu wakagawana. Kupima kulipoanza, magunia yakaacha kuingia getini. Gari lilipitia kwanza Nkuhungu nyumbani kwa Bwana Mgaya, likashusha, likazunguka kwa wengine, ndipo likaja ofisini jeupe kama mtu aliyetoka kuoga. Lakini aliyekuwa analiosha ni mimi, na maji yaliyotoka nyuma ya lile gari yalikuwa meusi ti. Nilijua. Nikajiambia naandika kinachopita getini, na mkaa haukupita getini. Mtu wa darasa la saba naye ana sheria zake akizihitaji.

Ofisi yetu ilikuwa na jambo moja jema ambalo halikuandikwa popote. Ukifiwa, uwe mkuu au mfagizi, hukupeleka barua. Ulikwenda kwa Bwana Mgaya, ukasimama mlangoni, naye akikuona uso tu alisema, "Saidi, washa gari." Gari la kubebea maiti, gari la kuni, gari la waombolezaji, mpaka kijijini kwenu popote palipo. Watu wa makabila yote pale, Wagogo, Wahehe, Wachaga, Wanyamwezi, wote walijua kwamba hata kama siku yao itakuja wakiwa mbali na kwao, ofisi itawafikisha. Tuliogopa kupunguzwa kazi, lakini kulazwa pasipo kwetu hatukuogopa.

Mwezi wa pili wa kupima, mke wangu Damari alifariki. Ilianza homa, akalazwa siku tisa, akafa asubuhi nikiwa nimekwenda kumchukulia uji. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Ofisi ikafanya yake. Lori la tani saba lilipeleka kuni na watu kijijini kwetu, mbele kidogo ya Buigiri, pikapu ikaenda mara mbili, mara moja na yeye na mara moja na wazee. Mbao hazikupatikana upesi, kwa hiyo fundi seremala wa mradi akabomoa makasha yaliyoletea pampu za visima kutoka ng'ambo, mbao safi kabisa, akapiga randa, akatengeneza jeneza zuri kuliko nililotegemea. Makasha yale yalikuwa na maandishi na mishale myeusi ya kuonyesha upande wa juu. Fundi yule hakuwa na rangi ya kuyafuta, akayageuzia ndani. Nje palibaki mbao tupu, safi. Maandishi akabaki nayo Damari.

Niliporudi kazini nimenyolewa kichwa, kitu cha kwanza nilichokikuta mezani jikoni ni lile kaunta buku, na siku zangu nne ziko tupu. Hakuna aliyeandika. Nikakaa. Hapo ndipo penye uamuzi mdogo ninaousema, maana ningeweza kuchora mstari nikaandika "sikuwepo", na hakuna mtu duniani ambaye angeniuliza. Lakini Bwana Temba alisema nisiruke, na dizeli ilichomwa, na kuni zilichomwa, na mimi sijawahi kula kitu nikakana. Halafu kulikuwa na jingine, nalisema tu: tangu tumzike hakuna aliyekuwa ameniuliza chochote, wote walisema pole wakapita, na daftari lile lilikuwa linaniuliza. Kitu gani. Kiasi gani. Kilifanya kazi gani.

Saidi akanikuta nimeinama. Akasoma juu ya bega langu.

"Mzee Yona! Msiba hauandikwi."

"Gari si lilichoma dizeli?"

"Lilichoma."

"Basi."

"Basi nini? Wewe utaandika na machozi umelia lita ngapi? Funga hilo daftari, baba, nenda kapumzike."

Sikufunga. Nikaandika lori, kilomita zake. Pikapu mara mbili, kilomita zake. Kuni, lori moja. Mkaa wa chai ya waombolezaji, gunia moja kutoka stoo. Mbao za makasha ya pampu, vipande kumi na viwili, jeneza. Na kwenye sehemu ya kazi, kila mstari, nikaandika neno moja kwa mwandiko wangu mzuri: mazishi. Nilipomaliza nikajisikia nafuu, kama mtu aliyetapika.

Mwezi wa tatu ukaisha, ikaitishwa semina. Ofisi nyingine zilialikwa zije kujifunza kwetu, wakaja watu wa wizara, wakaja wafadhili pamoja na mama mmoja mzungu mrefu mwenye nywele nyeupe, mpole, ambaye Kiswahili chake kilikuwa salamu tu. Ukumbi ukapambwa. Asubuhi ya siku hiyo nikiwa napanga vikombe, akaingia jikoni Mama Neema, katibu muhtasi wetu. Mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amelazwa hospitali wiki ya tatu kwa ugonjwa wa kifua, na sote tulijua madaktari wameanza kuongea naye kwa sauti ya chini. Kwao ni Mpwapwa.

Akafunga mlango. "Baba Daudi," akaniita kwa jina la mwanangu, "wewe ulipofiwa, ulikwenda kwa Bwana Mgaya saa ngapi?"

"Asubuhi ile ile."

"Ukasema nini?"

"Sikusema. Niliingia tu, akaniona."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nauliza tu," akasema. "Mwalimu mwenyewe jana alinisisitizia, asizikwe mjini. Ndugu zake wote wako kule, anataka alale karibu na mama yake. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, ofisi ipo." Akachukua madaftari yake ya muhtasari akaenda ukumbini, maana yeye ndiye aliyekuwa anaandika kila kitakachosemwa siku hiyo.

Mimi nilikaa nyuma karibu na chupa za chai, pamoja na Saidi na madereva wa ofisi za wageni. Bwana Temba akabandika ukutani karatasi kubwa, na juu yake amechora nguzo za rangi, kila nguzo mwezi mmoja. Mwezi wa kwanza nguzo fupi. Mwezi wa tatu nguzo fupi zaidi. Mwezi wa pili, nguzo nyekundu imepanda mpaka inakaribia kutoka kwenye karatasi. Watu wakaguna. Mwezi ule wa pili alikuwa amerudi Dar es Salaam, hesabu akajumlishiwa na karani, na nadhani (simtetei, nasema ninavyodhani) yeye mwenyewe aliona maneno tu, hakuona mtu.

"Ndugu washiriki," akasema, "mtaona mwezi wa kwanza ofisi hii ilijitahidi, wa tatu ikajitahidi zaidi. Lakini hapa katikati, kuna nini? Tumetazama kwenye daftari. Zaidi ya nusu ya nguzo hii ni shughuli moja ambayo haihusiani kabisa na visima. Lori, pikapu, kuni, mkaa. Shughuli yenyewe imeandikwa hapa: mazishi."

Wageni wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha watu waliokaa tangu saa mbili wanatafuta pa kucheka. Dereva mmoja wa ofisi nyingine, kando yangu, akasema kwa sauti, "Dodoma nyie mnazika au mnajenga reli?" na ukumbi ukacheka tena. Watu wa ofisi yetu hawakucheka. Walitazama meza. Saidi akanisogelea akasema kwa meno yaliyofungwa, "Nilikwambia, nilikwambia," na mimi nikaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Ingeishia hapo ningesahau. Lakini Bwana Temba alikuwa kijana mwenye moyo mzuri, hakutaka ofisi yetu iaibike, akatafuta jema la kusema. "Hata hivyo," akanyanyua kidole, "katika shughuli hiyo hiyo kuna la kujifunza. Makasha ya pampu, ambayo kwa kawaida yangechomwa moto, safari hii mbao zake zimetumika tena. Vipande kumi na viwili. Jeneza! Hakuna mti mpya uliokatwa. Huu ndio ubunifu tunaoutaka, ndugu zangu. Tuwapigie makofi."

Wakapiga. Mama mzungu akainama kumuuliza Bwana Mgaya kinachoendelea, akaambiwa kwa kifupi, uso wake ukachangamka, naye akapiga makofi, kisha akauliza kama anaweza kumwona aliyeweka kumbukumbu nzuri kiasi kile. Bwana Temba akanitafuta kwa macho. "Mzee Yona! Njoo mbele, mzee wangu, usione haya."

Kutoka kwenye zile chupa za chai hadi mbele ni kama hatua ishirini na tano, na mimi nilikuwa na taulo la jikoni begani, nikasahau kulitoa. Nilipofika mama yule akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akatoa kofia kwenye mfuko, kofia nyeupe yenye mti wa kijani, akanivisha mwenyewe. Nywele zangu zilikuwa ndiyo kwanza zinaota. Kofia ikateremka mpaka kwenye nyusi. Nikawekwa kando ya ile nguzo nyekundu, kamera ikamulika, mpigapicha akasema cheka kidogo mzee, nikacheka kidogo, ikamulika tena.

"Na haya mazishi," Bwana Temba akauliza, bado anatabasamu, ameshika kipaza sauti kati yangu na yeye, "yalikuwa ya mtu gani wa huko kijijini, mzee?"

"Ya mke wangu," nikasema.

Kipaza sauti kilikuwa kizuri. Kilifikisha mpaka nyuma.

Bwana Temba akavua miwani, akaivaa, akasema, "Oh. Pole. Pole sana, mzee wangu," lakini alikuwa na karatasi nyingine za kubandika na watu wa wizara walikuwa wanatazama saa, na akafanya kile ambacho mtu hufanya akikanyaga shimo, alijivuta akaendelea na safari. "Mungu ampumzishe. Kwa upande wa takwimu sasa... samahani... kwa upande wa takwimu, ili tuwe na haki, mzee, nikuulize wewe uliyeandika. Ukiacha shughuli hii, kuna matumizi mengine yoyote ya gari la ofisi, au mkaa, au kuni, ambayo si ya kazi na ambayo hayakuandikwa?"

Nilimwona Bwana Mgaya. Hakukunja uso, hakunikonyeza. Alikuwa ananitazama tu kwa utulivu, kama anavyomtazama mtu aliyesimama mlangoni kwake. Nilimwona mhasibu. Nilimwona Saidi kule nyuma, na Saidi ana watoto sita. Nikayaona na yale maji meusi yakitiririka kwenye zege la uani, nikayaona wazi kabisa. Na kwenye meza ya pembeni nikamwona Mama Neema, kalamu imesimama juu ya daftari, ananisubiri nijibu ili aandike.

"Hakuna," nikasema.

Kalamu ikaandika.

Basi, kama hakuna, hesabu ni nyepesi. Kama gari la ofisi halifanyi uharibifu mwingine wowote isipokuwa kuzika watu, pa kupunguza panajulikana. Mtu wa wizara akasimama akasema ni lazima tuwe na ujasiri wa kuachana na mazoea. Mwingine akaunga mkono. Bwana Mgaya naye akaunga mkono, alisema kwa masikitiko makubwa. Azimio la kwanza la semina likasomwa kabla ya chakula cha mchana: kuanzia siku hiyo magari, kuni na mkaa wa ofisi havitatumika kwa shughuli binafsi za watumishi, ikiwemo misiba. Nani aliyelipiga chapa azimio lile? Mama Neema. Nilimsikia alasiri ile kupitia ukutani, akipiga herufi moja moja, taratibu kuliko kawaida yake.

Nikiwa nakusanya vikombe, Bwana Mgaya akapita, akaniwekea mkono begani juu ya lile taulo. "Umesimama kiume, Yona," akasema. Nimewahi kutukanwa maishani, na mabaya zaidi ya hayo sijaambiwa.

Mwalimu, mume wa Mama Neema, alikufa baada ya wiki tano. Mama Neema hakwenda kusimama mlangoni kwa Bwana Mgaya. Alipeleka barua, kwa kuwa sasa palihitajika barua, na akajibiwa kwa barua, yenye pole nyingi na nambari ya lile azimio. Saidi alitaka kuwasha gari hivyo hivyo, nampa haki yake, alishika funguo kabisa, akaambiwa akitoka nalo asirudi. Ndugu wakahangaika, hatimaye wakapata lori la mfanyabiashara aliyekuwa anakwenda Mpwapwa kuchukua karanga. Lori likaondoka saa mbili asubuhi likasimama njiani, Mbande, mpaka saa nane, mwenye lori ana shughuli zake, hawezi kuulizwa. Mama Neema alikaa nyuma juu ya ubao, kando ya jeneza, amelifunika kwa kanga zake mbili ili vumbi lisilifikie.

Mimi nilitangulia kwa basi. Nikakaa pale msibani na wazee, tukasalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi, mbukwenyi. Kaburi lilikuwa tayari tangu asubuhi. Mchungaji alisubiri, akaondoka kwenda kwenye ibada nyingine, akarudishwa. Lori lilipoingia jua lilikuwa linagusa vilima, na kila kitu kikafanywa mbio mbio, wimbo ubeti mmoja, udongo ukatupwa huku watu wakitazama mwanga. Nilinyoosha mkono kupokea koleo, kama ilivyo desturi, mnapokezana. Kijana wa ukoo, shemeji wa marehemu, akanitazama.

"Wewe ndiye yule wa mizani?"

"Ndiye."

"Pumzika, mzee. Udongo huu hatutaupima." Akampa koleo mtu aliyekuwa nyuma yangu. Wawili watatu wakacheka kimya kimya, kicheko cha puani.

Nilingoja watu wapungue, nikaenda kwa Mama Neema. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, nywele zake nyeupe kwa vumbi la barabara kama amezeeka kwa siku moja. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima ya basi, kwamba niliandika nilichoambiwa niandike, kwamba sikujua kama yatafika huku, kwamba mimi mwenyewe nimefiwa. Nikasema, "Mama Neema, pole. Nisamehe kwa ile mistari."

Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo gumu.

"Ile mistari haina kosa, Baba Daudi," akasema. "Mke ni wako, ulikuwa na haki ya kumwandika. Mimi nazungumzia magunia. Ulijua ya magunia. Na mimi nilijua, nani hakujua pale? Lakini aliyeulizwa ulikuwa wewe."

Akaletewa maji akanywa, akanipa kilichobaki kwenye kikombe ninywe na mimi, kwa sababu nilikuwa mgeni na nimetoka mbali.

Watu wakisikia kisa hiki hunipa pole kwa ajili ya makofi. Wanasema Mzee Yona, ukweli ulikuponza. Mimi nawaacha wamalize, kisha nawaambia kwamba siku ile nilikuwa mkweli juu ya marehemu tu, asiyeweza kunifukuza kazi, na juu ya walio hai nilikuwa mwoga kama kuku. Nikaapa njiani nikirudi kutoka Mpwapwa kwamba sitatamka tena "hakuna" mbele za watu wakati kipo. Kiapo hicho nimekivunja mara mbili, na nawaambia mwenyewe ili msiniite mkweli.